Vidole Vitatu Juu ya Tochi

Jumapili ya pili ya Machi. Asubuhi Bwera: mawingu yamelala juu ya milima, manyunyu kidogo, kisha jua kali kabla watu hawajatoka kanisani. Naandika jioni, nimesharudi Kasese.

Fundi Paluku,

Ulikuwa ukinicheka kwa ajili ya daftari hili. "Mutoto wa afande anaandikia jua ripoti," ulisema, "na jua yenyewe haijui kusoma." Basi leo sikuandikia jua. Ukurasa huu ni wako.

Nimechoka, Fundi. Nimechoka shingo na mabega, uchovu wa kushinda darini, ule unaoujua. Kuna na mwingine chini yake, umekaa tangu mwezi wa tisa tulipokuzika, na huo haujatoka kwa kuoga wala kwa kulala. Nilidhani kazi ingeuondoa. Haijauondoa. Lakini nimefanya kazi nyumbani kwako, na nadhani unastahili kujua ilivyokwenda.

Mama Masika alianguka. Hakuvunjika, tulia. Ilikuwa mwezi uliopita, usiku, akienda chooni. Alijigonga paji la uso kwenye pembe ya kabati lile ulilolitengeneza mwenyewe na ambalo hukulipiga randa vizuri. Unayajua macho ya mkeo tangu yapasuliwe. Taa ikiwaka yote anayafumba na machozi yanamtoka. Taa ikizimwa, haoni mlango. Tangu uondoke alikuwa anachagua giza. "Giza angalau haliumi," aliniambia.

Masika alikuja kutoka Kampala na begi kubwa, tupu. Hakuficha. Alikuja kupakia nguo za mama yake ampeleke kwake. Mama akamuuliza, "Nipande ghorofa ya nne nikafanye nini, nihesabu mabati ya watu?" Walivutana siku nzima. Mwishowe Masika akasema amepata swichi zinazopunguza mwanga na kusikiliza simu, ataziagiza, na kwamba anampa mama yake mpaka Pasaka. "Ukianguka tena, Mama, begi hili halirudi tupu." Akaliacha pale pale chumbani, juu ya kabati. Mama alikuwa akilala akilitazama.

Kisha Masika akanipigia simu. "Apio, sitaki mtu mwingine afungue ukuta wa Baba." Nikaenda Jumatano.

Hizi swichi, Fundi, ungezitukana kwanza halafu ungezipenda. Hazilii ta. Ni kioo kitupu, unapitisha kidole kwenda juu taa inaongezeka, kwenda chini inapungua, na simu iliyo Kampala inaweza kufanya hivyo hivyo. Lakini hazilali. Zinakesha zikingoja kuambiwa, na kinachokesha lazima kipate chakula. Kwa hiyo haziridhiki na waya wa kwenda peke yake, zinataka na ule mwingine; uliniita nikiwa mgeni kazini ukanionyesha kwa bisibisi: "Hii ni ya kurudi. Moto ikienda, lazima ipate njia ya kurudi kwao, sawa na mutu." Nyumba za wateja wako za siku za mwisho ulikuwa unavuta waya wa kurudi mpaka kwenye kila swichi, hata wakinung'unika. Nikadhani kwako nitaukuta umekunjwa vizuri, unaningoja. Mganga hajigangi. Nilikuta waya mbili tu, wa kuleta moto na wa kuupeleka kwenye taa, na mavumbi.

Lakini hapo nimeruka. Kabla ya kuzikuta hizo waya kuna jambo lilitokea, na nimelibeba tangu Jumatano.

Nilizima swichi kuu kwenye ukuta wa barazani, kama ulivyonifundisha. Nikarudi ndani, nikafungua kifuniko cha swichi ya ukumbini, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Hodi."

Unakumbuka siku ya kwanza uliponifundisha hiyo? Baba yangu alikuwa amenileta kutoka kambini, bado na sare yake, akakwambia unipe kazi nisije nikajua kupiga saluti tu. Ukamjibu, "Afande, moto haijue cheo." Kisha ukanipeleka mbele ya swichi na kuniambia nipige hodi kwa waya. Nilidhani unanifanya mjinga. "Piga hodi, kisha guse na testa. Testa ikiwaka, huyo ni mwenyewe anasema karibu. Ukisikia karibu, rudi nyuma. Kama hakuna mutu anajibu, ndiyo unaingia." Wateja walituona wendawazimu. Mimi na wewe tukipiga hodi kwenye kuta za watu, Kasese nzima.

Basi nikasema hodi. Na kutoka chumbani Mama Masika, aliyekuwa amelala kitandani na kitambaa machoni, akajibu, "Karibu."

Nikasimama na bisibisi mkononi. Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimezima kila kitu mwenyewe, ilikuwa mchana, testa ilikuwa chini mfukoni na mkono ulikuwa umeshachoka kabla ya kuanza. Ningeingia. Lakini sheria ni sheria, mtu alikuwa amejibu. Nikatoa testa, nikagusa.

Ikawaka.

Nilikaa chini sakafuni. Zile betri zako za sola zilizokufa zamani, Masika aliweka mpya baada ya mazishi, na hakuna aliyeniambia. Umeme ulipozimwa barazani, betri zikadaka kimya kimya kutoka stoo, zikalisha nyumba nzima. Wewe mwenyewe ndiye uliyezifunga zidake bila kuulizwa, kwa sababu umeme wa Bwera unaujua.

"Nani huyo?" Mama akauliza.

"Ni mimi tu, Mama."

"Mbona ukipiga hodi huingii?"

Nilikwenda stoo nikazima na za huko, nikarudi, nikapiga hodi mara ya pili kwa sauti ndogo asisikie.

Alhamisi nilishinda darini nikivuta waya wa kurudi. Mabati ya nyumba yako yanachoma, sijui kwa nini huko juu uliniachia kila mara wewe ukibaki chini na kusema, "Vuta, mutoto, nakusikia." Safari hii hakukuwa na mtu wa kunisikia. Nilivuta, nikashuka, nikakaza waya, nikapanda, nikavuta. Jioni swichi zote zikakubali. Nikashusha mwanga polepole, na balbu zikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa na kulia kama mbu. Mama alifumba macho na kugeukia ukutani.

Balbu zile hazijui kupungua, zinajua kuwaka na kuzima tu. Ijumaa asubuhi nilikwenda sokoni Mpondwe. Yule muuzaji niliyemwendea anatoka upande wenu wa mpaka, anaongea kama wewe kabisa, na nusura nigeuze njia. "Ampule ni ampule, mama," akasema, balbu mkononi. "Hii utawasha mpaka wajukuu wazeeke." Nikamwambia sitaki ya kuwaka, nataka inayojua kupungua. Akawaita wenzake. "Kujeni muone mutu anatafuta ampule yenye kugonjwa." Walicheka vizuri. Na mimi nilicheka, nafikiri ni mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. Wewe ungemjibu kitu. Mimi nikampigia simu mwenye duka mmoja hapa Kasese, akanitumia balbu zinazofaa kwa taksi ya mchana.

Jioni hiyo zikawaka bila kulia. Kilichobaki kilikuwa kujua Mama anataka mwanga kiasi gani, nikadhani hiyo ndiyo kazi rahisi. Simu inataka asilimia. Nikaanza arobaini.

"Hiyo ni sokoni," akasema Mama, kiganja machoni.

Ishirini. "Hiyo ni kanisani."

Kumi. "Hapo mnanizika na mimi."

Nikapanda, nikashuka, nikapanda. Alianza kuchoka nami nilikwisha choka zamani. Ndipo akaniambia, "Lete tochi ya mzee. Iko chini ya mto." Chini ya mto wako, upande wako wa kitanda, bado ipo. Akaiwasha, akaifunika kioo kwa vidole, kimoja, viwili, vitatu, mwanga ukatoka mwekundu katikati ya vidole na kuangukia sakafu tu.

"Hivi," akasema. "Paluku alikuwa anaweka vitatu."

Sikujua, Fundi. Miaka yote ile ulinifundisha kila kitu unachokijua kuhusu mwanga wa nyumba za watu, na hukunitajia kwamba kila usiku ulikuwa ukiamka, unatangulia mbele ya mkeo na tochi mkononi, mpaka mlango wa choo, na kumngoja. Mama alikuwa akinisimulia kama mtu anayetaja chumvi. Asubuhi ulikuwa unafika kazini macho mekundu na mimi nikidhani umekunywa. Nilikuwa nakufichia siri kwa wateja.

Niliielekeza tochi kwenye ukuta mmoja, yeye akaifunika kwa vidole vyake vitatu, na mimi nikashusha taa kidogo kidogo mpaka ukuta wa pili ukafanana nao. Simu ikataka jina la kiwango kile. Nikaandika Vidole.

Ungedhani yameisha. Usiku ule ule Masika akatazama simu yake kule Kampala, akaona taa ya mama yake iko chini mno, akaogopa, akaisukuma juu. Mama akaamshwa na mwanga usoni kama polisi wameingia. Akainuka akapapasa mpaka barazani, akazima swichi kuu, betri zikadaka, taa zikabaki pale pale. Akakosa pa kwenda. Nilimkuta amekaa sebuleni, kanga kichwani imemfunika uso wote.

"Mwambie mwenzako," akaniambia, "Kampala ni mbali lakini mkono wake ni mrefu. Na mwulize kama sasa atanihesabu nikienda chooni."

Kisha, taratibu: "Au atanichukua tu. Liko pale begi."

Jana asubuhi nilimpigia Masika. Alianza kujitetea kabla sijasema neno. "Apio, nimeona giza. Nikimfikiria anaanguka tena, na mimi niko huku." Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikamwomba aingie chumba kisicho na dirisha, azime taa, awashe tochi ya simu, aifunike kwa vidole vitatu. Akaniuliza ni mchezo gani. Nikamwambia afanye tu.

Nikasikia mlango ukifungwa, kisha swichi ikizimwa.

"Surua," akasema. "Nilipougua surua. Macho yalikuwa yanauma, na Baba alikuwa anaingia hivi." Kisha akalia, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye kahawa yako nyuma ya nyumba, nikilia na simu sikioni, na Mama dirishani akiuliza kama ng'ombe wameingia shambani.

Alipotulia nikamweleza kwamba taa ya Vidole itawaka yenyewe mama yake anapoingia kulala mpaka kupambazuke, kwa hiyo hakuna cha kuhesabu. Akasema, "Nitaangalia, sitagusa." Nikadhani amemaliza. Akaongeza, "Begi bado liko juu ya kabati? Mwambie Mama akupe wewe, ubebee vyombo."

Nilipompelekea Mama maneno hayo hakusema asante wala haleluya. Alisimama juu ya kiti, mimi nikimkataza, akalivuta begi mwenyewe, akalikung'uta dirishani. "Lilikuwa linanitazama vibaya," akasema.

Alfajiri ya leo nilimsikia akiamka. Nililala chumba cha pili, mlango wangu wazi. Ndara zake zilipita ukumbini, hazikusita, hazikugusa ukuta. Zikaenda. Zikarudi. Nilivuta shuka kichwani.

Kwenye begi nimepakia swichi zako za zamani, zile za ta. Sijui nitazifanyia nini. Mama aliongeza parachichi juu yake.

Kabla ya kupanda taksi nilipita ulikolala, pale kwenye kahawa. Manyunyu yalikuwa yameacha udongo laini. Nilikuwa na mambo mengi ya kukuambia na yote yakagoma. Nikasema hodi. Nikasimama, begi begani. Hakuna aliyejibu, Fundi. Na kwa sheria yako, kama hakuna anayejibu, ndiyo unaingia na kufanya kazi.

Kwa hiyo nitafanya. Nakuahidi hakuna ukuta nitakaoufungua bila hodi, hata nikichekwa, na yeyote nitakayemfundisha ataipiga kabla ya kujua jina la waya. Mama nitamwona kila mwisho wa mwezi. Ile pembe ya kabati nitaipiga randa, maana wewe hukuipiga.

Pumzika sasa, mzee. Usiku huhitaji kuamka tena, yupo anayekesha. Nimetazama simu: Bwera inasema Vidole. Mkeo amelala.

Na mimi nalala. Saa tatu na robo usiku.

Apio