Karatasi ya Mapipa ya Dawa

Butembo, tarehe 14 Januari 2003

Kwa yaya yangu Berthe, dada yangu mukubwa, huko Lubero,

Nakusalimia sana, wewe, bwana yako na batoto. Kikohozi cha mutoto mudogo kimepona? Huku tunapumua. Mama anakutaja kila akipika sombe. Mimi bado nasoma, lakini masomo hayaingii tena, na sababu yake ndiyo imenishikisha kalamu.

Unamkumbuka Hamisi, dereva wa Papa, aliyekutania ati atakuoza kwa mutu wa forodha Kasindi. Yuko kifungoni Beni, siku ya tisa leo. Alituletea kutoka Kasindi mapipa sita ya dawa ya kuua wadudu wa kahawa, yaende kwa walimaji wa Eringeti. Kila pipa lilikuwa na alama ya fuvu, na karatasi ya Kifaransa yenye sheria za kusafirisha sumu. Papa alisema askari wa bariyeri za barabarani wakiona fuvu wanapandisha kodi mara tatu. Basi alinipa kisu na maji ya moto, nikwangue alama zote. Nilikwangua mpaka kucha zikauma. Kisha magunia ya unga wa mihogo yakapangwa juu ya mapipa, kuyaficha.

Barabara ya Eringeti unaijua. Pipa moja lilipasuka, dawa ikaingia katika unga. Unga ulinunuliwa na wakimbizi wa Ituri, wakasonga bugali. Batu kumi na mmoja wamekufa, saba ni batoto. Askari wanasema Hamisi ametumwa na adui. Asma, bibi yake wa ndoa, anakuja kila asubuhi kukaa mlangoni petu. Papa anamwambia hajui dereva alipakia nini.

Yaya, hili sijamwambia mutu. Hamisi hasomi Kifaransa. Kabla ya kupakia alinipa ile karatasi, akaniuliza, "Mwalimu wangu mudogo, inasema nini?" Ilisema chakula kisipakiwe pamoja na mzigo huu, hata kidogo. Papa alikuwa ananitazama. Unanijua, mbele ya batu bakubwa sauti yangu inakufa. Nikasema, "Inasema isinyeshewe mvua." Hamisi alinishukuru, akaenda kuazima bâche, turubai kubwa, akafunika vizuri, unga na mapipa pamoja.

Karatasi ninayo, iko ndani ya katekisimu. Kesho nakwenda Beni na Asma, nimusomee komanda wa askari waliomufunga Hamisi karatasi yote, na nimwambie nani alishika kisu na nani alimpa. Papa hajui. Akinifukuza nitakuja kwako. Ukinikatalia na wewe, sitanung'unika.

Musalimie bwana yako. Batoto uwakumbatie, lakini jina langu usiwatajie kwanza.

Mudogo wako,
Kavuo