Nani Aliyemfukua Baba Mkwe

Yukarıköy, 3 Machi

Dada yangu Nuriye,

Nabusu mikono yako. U hali gani, na yale magoti yamepoa? Sisi tu wazima, na mwanangu Elvan anazidi kurefuka. Najua habari zimekufika kabla ya barua hii, tena zimetiwa chumvi. Zisikie kwangu.

Wiki jana alikuja Bi. Tülin wa chuo kikuu na kinasa sauti chake. Alisema anachunguza jinsi sisi Waturuki tunavyosimulia: wapi tunatamka "mimi" na "yeye", wapi tunayaacha. Mama mkwe akamsimulia kile kisa cha baba mkwe kufukiwa na theluji: alisikia sauti, akachimba kwa mikono, akamvuta hadi zizini. Bi. Tülin akauliza ni nani aliyechimba, maana kwa kawaida asiyetajwa ni yule anayejulikana na wote. Shemeji Rıfat akajikohoza, akasema chema chajiuza. Papo hapo baba mkwe akatangaza kwamba kwa wema ule, shamba la miti ya jozi ni la Rıfat. Shamba lile, dada! Alilipanda marehemu mume wangu, nalipalilia mimi, na ndilo linalomsomesha Elvan.

Unaijua desturi: mke wa mwana hasemi mbele ya baba mkwe. Mwaka wa kumi na moja huu namnong'oneza mama mkwe, naye ananisemea. Hata siku ile ya theluji nilimnong'oneza yeye yaliyotokea, ila hakunisemea. Rıfat alifika baadaye na sepeto begani, watu wakamkumbatia, nami nikauma meno.

Sasa nakuungamia: safari hii sikunong'ona. Nilisimama, nikamtazama baba mkwe usoni, nikasema, "Mimi. Mimi ndiye niliyekufukua." Rıfat akaropoka, "Mjane kapata kichaa huyu!" Mama mkwe akainamisha kichwa. Baba mkwe akasema aliijua mikono iliyomvuta tangu siku ile, ila aliona aibu watu kusikia ameokolewa na mke wa mwanawe.

Alijua, dada! Nililia kwa hasira mbele yao wote. Nikamwambia shamba asinipe kama zawadi, ni langu, na kesho yake naanza kupogoa. Tangu hapo nashinda huko na msumeno wangu, na hakuna aliyethubutu kunifuata. Wanasema sina adabu. Na waseme.

Wasalimie watoto, uwabusu macho. Na huko kwenu wakiuliza ni nani aliyesema maneno yale, usinisitiri. Nitaje kwa jina.

Mimi, mdogo wako,
Döndü