Dole Gumba la Mama Milembe

Jumatatu, 2 Juni

Foleni mlangoni pa ofisi ya ustawi wa jamii tangu asubuhi. Mwanamume analalamika mkewe amekimbia na watoto. Mke yuko nyuma yake kwenye foleni hiyohiyo, na watoto wote watatu. Nimewasuluhisha kabla ya chai. Niko vizuri wiki hii.

Mchana nimempeleka Kabula Dutwa. Ametimiza miaka kumi na nane, malezi ya kambo yamekwisha kisheria. Alilelewa Migato na Mama Milembe tangu ana miaka sita. Wiki iliyopita mama amesaini kwa dole gumba kumkabidhi, leo binti ameanza maisha yake. Gari la ofisi, godoro, cherehani, masufuria, barua yangu yenye mhuri. Chumba kizuri karibu na stendi, kina baraza la kushonea. Nimekitafuta mwenyewe.

Jioni nimefunga faili. Nimeandika "imekamilika". Napenda sana kuliandika neno hilo.

Alhamisi, 5 Juni

Kikao. Halafu kikao cha kupanga kikao.

Kabula amepiga simu. Hajapata mteja hata mmoja. Shule zinafunguliwa mwezi ujao, watu wanatafuta sare, na yeye sare anazishona hata akifumba macho. Nimemwambia avumilie, biashara mpya ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 6 Juni

Siyo biashara.

Amenipigia mzee Masanja, mwenyekiti wa kitongoji kule Dutwa. Majirani wanauliza binti huyu ni wa nani. Alishushwa na gari la serikali, hakuna ndugu aliyeshuka naye. Bila ndugu wa kuitwa haandikwi kwenye kikundi cha kuzikana, na asiyeandikwa hakai kitongojini kwake. Mkutano ni Jumapili ya wiki ijayo. Ikifika hapo bila mtu, Kabula afungashe.

Nikamwambia barua yangu ina mhuri.

"Sasa Afisa, binti akiugua leo akafa kesho, tutauita mhuri?"

Nimekata simu kwa hasira. Hasira ilipoisha ikabaki aibu kidogo. Mimi ni Msukuma, nimekulia Itilima. Kwetu mgeni anaulizwa ni wa nani hata kabla ya kupewa maji. Nilijaza fomu nzima, hilo sikulijaza.

Kabula akitoka kwenye kile chumba sina pa kumpeleka. Wenye miaka kumi na nane hatuna nyumba ya kuwaweka.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda Dutwa. Baraza limefagiwa, cherehani limefunikwa khanga. Nimemwambia suluhisho ni rahisi, amwite Mama Milembe aje asimame mkutanoni. Nilifikiri nimemaliza.

Amekataa. Tangu aondoke mama hajampigia hata mara moja. "Alisaini haraka, Afisa. Angenitaka angekuja." Kisha akageukia ukutani na kujifanya anatafuta sindano.

Nimemkasirikia Mama Milembe. Miaka kumi na miwili ya kulea, kisha kimya! Nakwenda Migato kumwambia ukweli wake.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye meno. Hotuba nimeipanga njia nzima.

Mama Milembe alikuwa uani anachambua pamba. "Mwangaluka, mayu," nikapiga goti nikamwamkia kama mama, nikampa heshima yake. Alinipa kigoda. Kando ya mlango kulikuwa na gunia la michembe limefungwa vizuri, viazi alivyokata na kukausha mwenyewe, juu yake kitenge kipya na kuku kafungwa mguu. Nikauliza mzigo wa nani. Wa Kabula. Umefungwa tangu wiki iliyopita, kuku tu ndiye anafunguliwa kula.

Sasa mbona hajaupeleka?

Akaangalia dole gumba lake. "Nilimkabidhi mbele ya mashahidi. Ukishakabidhi unasubiri kuitwa."

Kwetu binti akiolewa, akishakabidhiwa kwa wakwe, mama haendi kwake mpaka aitwe. Akienda mwenyewe ni kama amekwenda kumrudisha. Kila mama huku anajua hilo. Hata mimi najua, nilipoolewa mama yangu alikaa miezi miwili akisubiri nimwite.

Na mimi ndiye niliyeweka meza, mashahidi wawili, wino, na fomu iliyoandikwa "Makabidhiano". Nimemuoza binti bila bwana harusi, kwa dakika ishirini. Siku ile mama aliniuliza, sasa mimi nifanyeje? Nikamjibu, "Basi mayu, kazi yako imekwisha." Nilidhani namsifu.

Hotuba sikuitoa. Nimeomba msamaha. Nimejisikia mjinga, na nilikuwa mjinga kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Ningeweza kumbeba Mama Milembe kwenye gari leo hii. Nimejizuia. Wa kumwita siyo mimi.

Nimempigia Kabula nikamweleza yote. "Kumbe ananisubiri mimi?" Akakata simu bila kuaga. Nikampigia tena, inatumika. Baada ya nusu saa bado inatumika. Sijawahi kufurahia simu inayotumika kiasi hiki.

Jumapili, 15 Juni

Mama Milembe amefika jana kwa basi. Gari la ofisi alilikataa. Amekuja na gunia, kuku na kitenge.

Leo mkutanoni mzee Masanja ameuliza mbele ya wote, huyu binti ni wa nani? Mama Milembe akasimama, akajifunga khanga upya.

"Ni wangu. Akiugua niiteni. Akifiwa niiteni. Akikosea niiteni kwanza, nimchape mwenyewe kabla yenu."

Watu wakacheka. Kabula alikuwa analia na kucheka pamoja. Masanja akafungua daftari la kikundi, mahali pa mtu wa kuitwa. Wino ukaletwa.

Mama akashika dole gumba lake, akanigeukia. Hili la leo maana yake nini? Nikamweleza kwa Kisukuma, polepole, mara mbili. Wote walisubiri. Ndipo akalibonyeza.

Jumanne, 17 Juni

Foleni ndefu. Baridi ya asubuhi, nimevaa sweta.

Kabula ametuma ujumbe. Sare nne tangu jana, na Mama Milembe anakaa barazani anawapimia wateja kwa macho, anabishana na futi. Haonyeshi dalili ya kuondoka kabla michembe haijaisha.

Nimetoa faili kabatini. Nimekata "imekamilika". Chini yake kuna mstari, "Mlezi wa zamani: Milembe", mwandiko wangu. Nimekata na "wa zamani".

Kisha nimemwita anayefuata.