Mchuzi Usiolala

Ijumaa. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyojiamulia kuwa theluji. Nimechoka, wala si kwa kazi.

Makala yangu imetoka leo. Inasema vyakula vya baharini vya Kihindi vimeiteka migahawa ya Toronto: kamba wa nazi, kaa wa pilipili, mchuzi wa nguru wa Kigoa. Ni kweli. Nilikwenda, nikala, nikaona watu wamepanga foleni kwenye baridi.

Imekatwa aya moja tu. Ilimhusu Mama Lourdes.

Mama Lourdes ni Mgoa mzaliwa wa Mombasa. Kwa miaka mingi alikuwa na mgahawa mdogo kule Malvern, pembezoni mwa Toronto. Mchuzi wake wa samaki hauliwi siku unayopikwa. Unalala usiku mmoja chunguni, ukwaju uingie hadi mfupani. Wateja wake walijua: wa Ijumaa hupikwa Alhamisi.

Kisha mfanyabiashara mmoja akamhamishia katikati ya jiji, akaweka jina la mama huyo mlangoni. Mchuzi wa jana akaukataa. Hakuna atakayelipia kiporo, alisema. Mama Lourdes naye akakataa kuupakua kabla haujalala. Basi upawa wakapewa wengine, yeye akasimamishwa mlangoni kukaribisha wageni, ndani ya sari. Wanawake wa Kigoa wa rika lake huvaa gauni, nyumbani na kanisani.

"Nimevishwa kama pazia, mwanangu," aliniambia wiki iliyopita, akicheka. Kicheko kikakatika. "Andika kwamba sipiki mimi. Hilo tu. Wakija kunisifu, sina pa kuuweka uso."

Niliandika.

Mhariri akaifuta aya hiyo. Habari ni mafanikio, alisema, na ugomvi wa jikoni uko kila mahali. Nilibishana naye hadi akatazama saa. Kazi hii nimeifanya muda mrefu, najua ninaposhindwa.

Jioni nilimpigia Mama Lourdes kumweleza kabla hajaisoma. Alikuwa ameshaisoma. Mwenye mgahawa ameibandika kwenye kioo cha mlango, pale pale anaposimama.

"Umeandika vizuri," alisema. "Watu wamejaa."

Nilisikia mteja akimsifia mkono wake wa mapishi. Alimjibu kwa Kiingereza, akamshukuru, kisha simu ikakatika.

Nimeipitia tena makala yote. Hakuna kosa hata moja ndani yake.

Sasa nitaombaje isahihishwe?