Chumba cha Nne

Njombe, 4 Machi 2024

Mwanangu Oktavia,

Kuna jambo nimekuficha tangu ukiwa mdogo, nalo linamhusu marehemu dada yako Lidia. Nitalisema, ila si kwa pumzi moja. Hujambo lakini? Mimi nimerudishwa kutoka hospitali. Madaktari wamesema nikae na watu wangu.

Umeniuliza niliwafundishaje watoto kupanga hadithi, maana darasa lako la tano limekuletea sungura na fisi arobaini. Wape karatasi, waikunje ipate vyumba vinne: nani, anataka nini, nini kinamzuia, mwisho wake. Wasiazime hadithi ya bibi. Waulize: leo njiani umeona nini ambacho hakijakaa sawa? Waanzie hapo. Chumba cha nne wakiache wazi hadi wiki inayofuata.

Karatasi ya Lidia ninayo.

Baba yako,
Mwl. Anania


Makambako, 17 Machi 2024

Shikamoo baba,

Pole sana na kuumwa. Huku hatujambo, tope tu la stendi.

Vyumba vinne vimefanya kazi. Praygod kaandika juu ya jogoo anayetaka kupanda treni kwenda Mbeya; kinachomzuia ni bibi na sufuria yake. Jenifer akamwambia, "Mwisho tunaujua, tulikula kwenu Jumapili." Darasa lilicheka hadi mwalimu mkuu akachungulia.

Lakini baba, karatasi ya Lidia? Mama, huko kwake, ametunza hata rula yake. Imeandikwa nini?

Mwanao,
Oktavia


Njombe, 28 Machi 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Uji unapita, ugali hapana. Usiucheke mwandiko, naandikia kitandani.

Karatasi hii hapa, nimeitia kwenye bahasha. Nani: mtoto anayevuka mto kwenda shule. Anataka: kuwahi namba mstarini. Kinachomzuia: gogo la katikati la daraja limeoza. Chumba cha nne kiko wazi, kama nilivyoagiza. Nilimpa kumi na nane kwa ishirini, nikaandika kwa wino mwekundu, "Ubunifu mzuri."

Siku ya nne gogo lilikatika, na aliyekuwa juu yake ni yeye. Msibani watu walisema hakuna aliyejua. Nami nilikuwa nimeketi pale, karatasi iko mfukoni.

Baba yako,
Anania


Makambako, 2 Mei 2024

Shikamoo baba,

Unaendeleaje? Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilimpelekea mama karatasi ya Lidia kwanza. Aliisoma, akaiweka pamoja na ile rula. Amesema nikuandikie usijitese: mtoto aliambiwa abuni, mwalimu angejuaje?

Natamani kuishia hapo. Ila na mimi sasa nafundisha. Praygod aliponionyesha mpango wake, nilijua jogoo yule ni wa kwao.

Ulidhani Lidia anabuni?

Mwanao,
Oktavia


Njombe, 9 Mei 2024

Oktavia,

Msalimie mama yako. Afya yangu usiiulize tena.

Hapana, sikudhani hivyo. Lidia aliileta karatasi mezani akasema, "Mwalimu, hili gogo ni la kweli. Ukilikanyaga linalia." Nilijua. Asubuhi ile mimi mwenyewe nililiruka. Nikamwambia asubiri, wiki ijayo aandike mwisho. Habari ya daraja, nikasema, nitampelekea mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti alikuwa mzee Sadock, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tuligombania mpaka wa shamba la viazi, na mwaka mzima tulikuwa hatuamkiani. Jioni ile nilifika hadi kwenye uzio wake. Alikuwa nje anachambua maharage. Aliinua uso, akangoja. Yeye ni mkubwa kwangu. Shikamoo ilipaswa kuanzia kwangu.

Nilipita. Kesho yake nikapita tena, na keshokutwa. Sikumwambia kuhusu daraja, kwa sababu sikutaka kumwamkia.

Anania