Honi ya Pikipiki ya Seifu

Magomeni, Jumapili

Mama yangu, shikamoo.

Mimi mzima, na mvua huku imekata. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza: nimenunua pikipiki. Imetumika, ila injini nzuri. Mwenyewe ni kijana anaitwa Seifu, aliniuzia Kariakoo akiwa na begi mgongoni, anasafiri. Nimejifunzia Mnazi Mmoja, na gia bado zinanivuruga.

Lakini kuna jambo silielewi. Jana asubuhi, kwenye uchochoro wa nyuma ya kwetu, nilikuwa natafuta swichi ya indiketa nikabonyeza honi. Honi yenyewe inalia kama kuku aliyetoka kutaga. Mlango ukafunguka, akatoka mama mmoja mtu mzima, macho hayaoni vizuri, anapapasa ukuta.

"Seifu, leo umechelewa. Shika chapati zako."

Nikazishika. Jirani akaninong'oneza kwamba Seifu kaondoka bila kumuaga mama yake, na hakuna mwenye moyo wa kumwambia. Nilitaka kusema mimi siye, Mama, ila nilikuwa nimeshaanza kutafuna.

Leo nilipanga kupita barabara kubwa. Sijui ilikuwaje, nikajikuta uchochoroni palepale. Safari hii sikukosea swichi. Honi niliipiga mwenyewe.

Akatoka anacheka. "Seifu, mwanangu?"

Hata sijui nimefanya nini, Mama. Nimeitika.

Ni mimi, mwanao,
Ridhiwani