Chesamo Alikataa Ndama Yake

Kapseret, Jumapili

Kwa binti yangu Jerop,

Mimi baba yako niko sawa, na mahindi yangu imeshinda ya kila mtu hapa. Naandika kwa mkono sababu watu husikiza simu. Najua Dennis yuko hapo kwako Nakuru, hata ukisema hujamwona ndugu yako.

Siku ile alipeleka ndama ya ng'ombe wetu Chesamo kwa josho, ioshwe na dawa ya kupe. Aliporudi nayo, Chesamo alinusa mgongo wake akaipiga teke. Ndama inalia, mama hajibu. Nikasema, "Dennis, umeuza yangu ukaleta ya mtu!"

"Mzee, ni ile ile. Macho yako ndiyo mbaya."

"Mimi nimefuga miaka hamsini. Ng'ombe hawezi kunidanganya. Wewe unaweza. Mwizi!"

Akachukua jaketi akaenda. Ndama nikailisha kwa chupa, nikiichunguza kama mgeni.

Juzi mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi Chesamo akaita kwa ile sauti ya chini, ndama ikajibu, akailamba yote, ikanyonya. Kumbe harufu ya dawa ilificha yake. Basi ni ng'ombe alikosea, si mimi.

Sasa nakamua peke yangu. Na hiyo maneno ya macho ni kweli kidogo, lakini usimwambie Dennis. Mwambie tu ndama inanyonya.

Usimwonyeshe hii barua. Lakini akiipata mezani, mimi sitauliza nani aliiacha hapo.

Ni mimi baba yako,
Kipyego